Beta Isiyofika Mayungu

Wiki tatu sasa natumia toleo la majaribio la mfumo endeshi wa simu, lile ambalo watu huliita beta, na swali ninaloulizwa kila siku ni moja: niweke au nisiweke? Jibu nitalitoa huko chini. Kabla ya jibu nina ugomvi, na ugomvi wenyewe si mdogo. Mwenye haraka ashuke moja kwa moja hadi mwisho, wengine vuteni viti.

Kwanza tuelewane maneno. Kampuni ikitengeneza toleo jipya la programu inayoendesha simu, haiwapi watu wote siku moja. Hutoa kwanza nakala mbichi kwa wachache waliojitolea. Hao wataitumia, wataona palipo na kasoro, watasema, kasoro zitarekebishwa, kisha toleo lililoiva litaenda kwa kila mtu. Ndiyo maana ya majaribio. Angalau ndivyo tunavyoambiwa.

Simu yangu ni ya bei ya kati, moja ya zile zinazouzwa madukani hapa mjini. Toleo lenyewe limejengwa juu ya Android 16, ambayo Google iliitoa rasmi tarehe 10 Juni 2025, na kampuni iliyotengeneza simu imeongeza mapambo na mambo yake juu. Kampuni hiyo sitaitaja. Si kwa woga. Nikiitaja mtadhani ugonjwa ni wake peke yake, na kesho mtakwenda kununua simu ya jirani yake mkiamini mmepona.

Mazuri kwanza, maana haki ni haki. Simu inafunguka haraka kuliko zamani. Arifa za programu moja sasa zinakusanywa pamoja badala ya kujaa kioo kizima. Na Android 16 imeleta aina mpya ya arifa inayoonyesha kitu kimefika hatua gani, kama chakula ulichoagiza au gari unalolisubiri. Mimi naona siku moja itatufaa kwa mizigo inayotumwa kwa basi kutoka Mombasa, pale mtu anapokaa stendi saa tatu akiuliza, "Limevuka Kilifi?"

Sasa mabaya. Nitayapanga kwa nambari.

1. Uzito. Faili lilikuwa zaidi ya GB 2. Maelezo yanasema mtumiaji ashauriwe kutumia waifai. Waifai ya nani, jamani? Hapa watu wengi wanaingia kwenye intaneti kwa bando za siku, wananunua kidogo kidogo kama wanavyonunua mafuta ya kupikia ya kupimiwa. Mtandao ulikatika faili likiwa limefika asilimia 80 na ushei, na uliporudi likaanza upya kutoka sifuri. Kuendeleza faili lililokatika njiani ni ufundi uliomo ndani ya HTTP 1.1 tangu miaka ya 1990. Si sayansi mpya. Kuna mtu mahali fulani hakuona haja ya kuutumia, kwa sababu kwake mtandao haukatiki.

Halafu kuna nafasi. Simu za Android za siku hizi huandika toleo jipya pembeni huku la zamani likiendelea kufanya kazi, ili mambo yakiharibika urudi ulikotoka. Ufundi mzuri sana, nausifu. Lakini unataka nafasi ya bure ndani ya simu, na simu ya mtu wa kawaida imejaa picha za arusi na video za WhatsApp. Kwa hiyo anaambiwa afute kwanza. Afute arusi ya nani?

2. Jua. Menyu zote sasa zimefanywa kama kioo cha bafuni: unaona kivulikivuli cha kilichoko nyuma yake. Ni mtindo wa mwaka. Apple iliuleta kwa kishindo mwezi Juni 2025 kwenye iOS 26 na kuupa jina Liquid Glass, na wengine wakafuata upepo. Ndani ya ofisi yenye taa na kiyoyozi unapendeza. Nenda nao Mayungu saa saba mchana, pale mashua zinapopakua samaki na mchanga wenyewe unarudisha mwanga machoni, ndipo utajua. Maandishi meupe juu ya kivuli cheupe. Kuna jambo baya zaidi: simu ikipata joto hupunguza mwangaza wa kioo yenyewe ili ipoe. Maana yake jua likizidi, kioo kinazidi giza. Saa ile unayohitaji kuona ndiyo saa ile simu inayokuzimia.

3. Betri. Hapa ndipo nina uchungu. Nina programu ndogo niliyowaandikia kina mama karanga, wale wanaonunua samaki pwani, wakakaanga na kuuza jioni. Wengi huchukua kwa deni kwa tajiri asubuhi na kulipa usiku. Programu inaandika kilo, bei na malipo hata kama hakuna mtandao, na usiku mtandao ukipatikana inatuma hesabu kwa pande zote mbili ili asubuhi kusiwe na ubishi. Imefuata kanuni zote ambazo Android imewawekea watengenezaji kwa kazi za chinichini.

Mwaka jana simu ya mama mmoja ilipata toleo jipya la kampuni fulani. Toleo lile lilikuja na kilinzi cha betri kinachoua programu yoyote isiyofunguliwa kwa saa kadhaa, kanuni au si kanuni. Hesabu ya usiku haikuondoka. Asubuhi tajiri akaangalia simu yake, hakuona malipo, akamnyima samaki. Mama aliponipigia alisema hivi: "Mwanangu, nimelipa mbele ya macho ya watu, na simu yako inaniita mwongo." Siku ile hakukaanga. Siku moja bila kukaanga ni siku moja bila unga, bila nauli ya mtoto wa shule, bila mchango wa chama.

Toleo hili ninalolijaribu lina kilinzi kile kile, tena kimeongezewa makali. Siku ya tatu tu nilikuta programu yangu imeuawa. Kwangu ni jaribio, nacheka na kuandika taarifa. Likitoka rasmi kama lilivyo, litawafikia kina mama wote niliowaandikia, na msimu wa kusi hauwapi nafasi ya kupoteza hata siku moja, maana bahari ikichafuka samaki wenyewe ni wa kutafuta.

4. Pesa. Watu wetu wengi bado wanatuma pesa kwa menyu za laini au kwa kubonyeza *334#, si kwa programu zenye rangi. Kwenye toleo hili, arifa ikiingia katikati, kidirisha cha menyu kinafifia na kupotea. Umeshaandika nambari, umeandika kiasi, unataka kuandika siri yako, kimekwenda. Je, pesa imetoka au haijatoka? Unaanza upya ukitetemeka. Programu moja ya benki nayo ilikataa kabisa kufunguka, ikidai simu yangu si salama.

5. Lugha. Nilichagua Kiswahili kwenye mipangilio. Kitufe cha kumtumia mtu picha kimeandikwa "Hisa". Hisa za kampuni gani? Simu ilipojaa ikaniambia "Anga haitoshi". Mambo ya anga yako Ngomeni, mimi nilitaka tu kupiga picha. Na katika mipangilio yote ya saa hakuna mahali pa kuchagua saa zetu za kuanzia alfajiri, ambazo watu wengi mno Afrika Mashariki wanahesabu kwazo tangu enzi za mababu. Ukimwambia mtoto saa mbili asubuhi, anajua. Simu ya maelfu ya shilingi haijui.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Ugomvi wangu sasa ni huu: hakuna hata moja kati ya hayo matano lililo gumu kuliona. Halihitaji maabara wala shahada. Mtu mmoja, simu moja, siku moja Mayungu, angeyaona yote kabla ya jua kutua. Basi kama hayakuonekana, ni kwa sababu huyo mtu mmoja hakuwepo. Walijaribu wapi hao waliojaribu?

Tuangalie utaratibu wenyewe. Ukitaka kuingia kwenye majaribio ya Android yanayoendeshwa na Google yenyewe, sharti uwe na simu ya Pixel. Pixel haiuzwi rasmi na Google hapa Kenya, zilizopo huletwa na wafanyabiashara na bei yake mnaijua. Kampuni nyingine nazo hutoa matoleo yao ya majaribio, na wakati mwingine simu zinazopendwa kwetu huwamo. Mwaka 2022 Tecno ilikuwa miongoni mwa kampuni zilizotoa toleo la majaribio la Android 13, nawapa heko. Lakini hata hapo ilikuwa simu moja tu, si ile ya mkopo anayolipia mtu wa bodaboda kila siku.

Matokeo yake ni hesabu rahisi. Wanaojaribu ni wale wenye simu nzuri, mtandao usiokatika, stima ya kudumu na Kiingereza. Hao husema, "Tumeridhika." Kisha mzigo unakuja kwetu.

Pwani hii yetu si ngeni kwa majaribio, na ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba hili ni jambo lisilowezekana. Tuna mifano miwili, wote ndani ya kaunti yetu ya Kilifi.

Wa kwanza ni Ngomeni. Kati ya 1967 na 1988 Waitaliano walirusha satelaiti kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini hapo mbele ya kijiji. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa satelaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru kwa sababu siku hiyo ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru, na ikawa ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya X kutoka kwa nyota. Tunajivunia, na tuna haki. Lakini tuseme ukweli: Ngomeni ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na ikweta, na kurusha kutoka ikweta kunasaidiwa na mzunguko wa dunia. Kilichohitajika ni mahali. Mvuvi wa Ngomeni hakuulizwa maoni yake kuhusu miale ya X.

Wa pili ni Kilifi mjini. Tangu 1989 kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipoingia awamu ya 3 ya majaribio mwaka 2009, watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika walishiriki, na Kilifi ilikuwa mojawapo ya vituo. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021. Ikafuata R21, nayo ikajaribiwa Kilifi na Bagamoyo miongoni mwa vituo vyake, ikapendekezwa Oktoba 2023.

Kwa nini Kilifi na si California? Kwa sababu California hakuna malaria. Hakuna daktari mwenye akili atakayejaribu chanjo ya malaria mahali pasipo na mbu wa malaria, kisha aandike kwamba watoto wote wako salama. Angechekwa.

Na angalieni jinsi wanavyofanya. Fomu ya ridhaa husomwa kwa Kiswahili au Kigiriama, mzazi anauliza maswali, anakubali au anakataa. Kuna wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wanavijiji wenyewe, ambao hukutana na watafiti na kuwaambia kinachosemwa huko nyumbani. Si utaratibu usio na dosari, na watu wa Kilifi wanajua kulalamika kuuhusu. Lakini msingi wake ni sahihi: jaribu palipo na ugonjwa, eleza kwa lugha ya mgonjwa, na uwe na mtu wa kukurudishia maneno.

Fomu ya ridhaa niliyokubali mimi kabla ya kuweka toleo hili ilikuwa ya Kiingereza cha mawakili, ndefu kama barabara ya Lamu, na chini yake kitufe kimoja. Sehemu ya kutoa maoni nayo ni Kiingereza kitupu, na kila taarifa inataka ubandike faili la kumbukumbu za mfumo lenye uzito wa kula bando yako ya siku. Yaani unalipa ili ulalamike.

Mtaniambia, bwana wee, chanjo ni uhai, simu ni simu. Sawa. Basi tuache chanjo, tuzungumze pesa.

M-Pesa mnayoijua ilizinduliwa Machi 2007. Wengi hawajui kwamba kabla ya hapo ilikuwa kwenye majaribio. Yalianza Oktoba 2005, yakiwa na wateja wasiofika 500, sehemu za Mathare jijini Nairobi na Thika, pamoja na shirika la mikopo la Faulu. Na haikutengenezwa kuwa hii mnayoitumia. Ilikusudiwa iwe njia ya watu kulipa mikopo yao midogo kwa simu. Wale watu wachache walipopewa, wakaanza kufanya mambo yao: wakatumiana wenyewe kwa wenyewe, wakawalipia wengine, wakaweka pesa mahali na kuitoa kwingine badala ya kutembea nayo mfukoni. Watengenezaji wakaona. Wakabadilisha. Kilichozinduliwa 2007 kilikuwa huduma ya kutuma pesa nyumbani.

Sasa fikirini majaribio yale yangefanywa Uingereza, kwa watu wenye akaunti za benki na kadi. Wangelipa mikopo yao kama walivyoagizwa, ripoti ingeandikwa kwamba mtambo unafanya kazi vizuri, na leo tungekuwa na programu ya kulipia mikopo ambayo hakuna anayeikumbuka. Kilichoifanya M-Pesa kuwa M-Pesa ni Mathare na Thika. Hapa Kenya ushahidi tunatembea nao mfukoni, halafu tunakubali kuambiwa kwamba mahali pa kujaribia hapana maana.

Kuna wanaosema kulalamika hakusaidii, makampuni makubwa hayasikii. Si kweli, na mifano ipo.

Mwaka 2019, kwenye majaribio ya Android 10, Google ilitaka kubadilisha jinsi programu zinavyofikia mafaili ndani ya simu. Watengenezaji wa programu duniani wakapiga kelele wakati ule wa majaribio. Google ikaahirisha kulazimisha hadi toleo lililofuata, Android 11 la 2020. Ule mtindo wa kioo wa Apple nao: tangu Juni 2025 watu walilalamika kwamba maandishi hayasomeki, Apple ikawa inaurekebisha toleo baada ya toleo la majaribio, na kwenye iOS 26.1 ya Novemba 2025 ikaongeza chaguo la kuupunguzia uwazi. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba watengenezaji wote wa programu za Android watatakiwa kujiandikisha kwa utambulisho, hata wale wasiopitia duka lake, kuanzia Septemba 2026 katika nchi nne, Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand, na kwingine kuanzia 2027. Kelele zikapigwa. Novemba ile ile ikasema itaweka njia kwa watumiaji wenye uzoefu wanaokubali hatari wenyewe.

Mara zote tatu waliosikilizwa ni waliosema, tena waliosema mapema. Mapema ndiyo neno. Majaribio ya Android 16 yalianza Januari 2025, na kufikia toleo la tatu mwezi Machi Google ilisema mambo yanayogusa programu sasa yametulia. Kilichobaki ni kupiga msasa. Miezi miwili, mlango wa mambo makubwa umefungwa. Sisi huamka mlango ukiwa umefungwa, toleo limeshafika kwa kila mtu, tukaanza kulaani kwenye WhatsApp na kumlipa fundi wa simu arudishe la zamani.

Kwa hiyo ugomvi wangu una pande mbili. Nusu ni kwa makampuni. Nusu ni kwetu sisi tunaojiita watu wa teknolojia wa Pwani, ambao tukipata toleo la majaribio kazi yetu ni kupiga picha ya kioo na kuiweka mtandaoni ili watu waone kwamba tunalo. Umeona kasoro, umeandika taarifa? Hukuandika. Basi ulikuwa unajipamba tu.

Najua hoja za upande wa pili, nitazijibu kwa ufupi.

"Beta si ya watu wa kawaida." Kweli. Simsemi mama karanga aweke beta. Nasema mtu anayemjua mama karanga aweke, kwenye simu ya pili, akakae naye siku moja kando ya karai.

"Soko lenu ni dogo." Simu za bei nafuu ndizo zinazouzwa Afrika nzima, India, Indonesia. Joto la Mayungu ni joto la Chennai. Atakayerekebisha kioo kwa ajili ya mvuvi wetu amemrekebishia na wa huko.

"Nunueni simu bora." Huyo simjibu. Mwambieni aje anunue yeye.

Ninachotaka kutoka kwa makampuni si msaada wala huruma, ni mambo matano tu:

Faili likikatika liendelee lilipoishia, na duka la mtaani liruhusiwe kulipakua mara moja na kuwagawia wateja kwa kadi ya kumbukumbu, likiwa limetiwa sahihi ili lisichezewe.

Kila toleo kabla ya kutoka lipimwe juani, nje, saa saba mchana, simu ikiwa ya moto.

Programu inayofuata kanuni za Android isiuawe na kilinzi cha betri bila mwenye simu kuulizwa kwa lugha anayoielewa.

Menyu za pesa za laini zijaribiwe kwa uzito ule ule wa kujaribu kamera. Kidirisha cha siri ya pesa kikipotea, toleo lisitoke.

Na fomu ya maoni iwe ya Kiswahili, isomwe na mtu anayejua kwamba hisa ni za soko la hisa.

Sisi nasi tufanye letu. Chuo Kikuu cha Pwani kiko hapo Kilifi na wanafunzi wa kompyuta wamo. Mombasa kuna Swahilipot. Watu watano wakichanga simu moja iliyotumika, wakaiweka toleo la majaribio siku ile ile linapotoka, wakaizungusha Malindi, Mayungu, Gongoni, Kilifi na Ganze, ndani ya wiki moja wangekuwa na ripoti ambayo hakuna kampuni iliyo nayo. Iandikwe kwa Kiingereza kama ni lazima, lakini iandikwe mapema, ikiwa na simu gani, mahali gani, saa ngapi, mtandao gani, ilitokea nini na hatua za kuirudia. Taarifa yenye hatua za kuirudia ni vigumu kuitupa. Taarifa ya "simu imekuwa mbaya" hutupwa siku ile ile.

Mimi nimeshatuma zangu tisa. Mbili zimejibiwa kwamba zimepokelewa, ile ya kilinzi cha betri mojawapo.

Sasa swali lenu, niweke au nisiweke? Kama una simu moja tu, na ndiyo ya kazi, ya M-Pesa na ya kumpigia mama nyumbani, usiweke. Usishawishike na picha za mtandaoni. Kama una simu ya pili, hifadhi kwanza kila kitu chako mahali pengine, kisha weka, lakini kwa sharti moja: uandike taarifa angalau mbili. Ukikwama namna ya kuziandika, au Kiingereza kikikupiga chenga, nitumie kwa Kiswahili au hata Kigiriama, nitazitafsiri na kuzipeleka kwa jina lako.

Jumamosi hii nitakuwa Mayungu kuanzia saa nne asubuhi, hapo mashua zinapoingia, nikiwa na simu hii ya majaribio na daftari. Mwenye simu tofauti na yangu aje nayo, nataka tuziweke juani pamoja tuone ipi itazima kwanza.